Kozi ya Dunguni

Mtunda, Rufiji
12 Novemba 1994

Kwa wifi yangu Mwanabaraka,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute umeketi, maana nakujua, ukiwa umesimama huisomi, unaikunja na kusema utaisoma baadaye. Sisi huku tu wazima. Mume wangu Dulla anakohoa kidogo kwa moshi wa mashamba yanayochomwa, ila anakula vizuri, na mtu anayekula mimi simwiti mgonjwa. Kaka Badru hajambo? Muulize kama miguu yake imeisahau njia ya Kibiti.

Wifi, nina jambo. Habari za kupunguza wafanyakazi nyinyi wa mjini mmezisikia zamani. Kwetu zimefika wiki hii, kwenye waraka uliobandikwa mlangoni pa kituo chetu cha afya. Unasema mtumishi yeyote wa lishe ambaye hadi mwisho wa Juni hatakuwa na saa thelathini za mafunzo ya kujiendeleza, katika kozi iliyoidhinishwa, atapumzishwa. Wameandika hivyo hivyo, kupumzishwa, kana kwamba tulilalamika tumechoka.

Tupo sita, wasaidizi wa lishe wa vituo vya huku, kuanzia hapa Mtunda hadi kwa Mshamu kule Ngarambe. Tunapima watoto, tunafundisha uji, tunamweleza mwenye sukari na mwenye presha ale nini. Hakuna aliyeona kozi tangu tutoke chuoni. Kozi zenyewe ziko Dar na Morogoro, na posho ya safari ilishakufa. Mkuu wetu wa idara anasema siku hizi ni soko huria, kila mtu ajitegemee.

Juzi nikaota mchana. Nilikuwa kwenye benchi la kliniki nikimsubiri mama wa mwisho amvishe mwanawe nguo. Nikaona watu wameketi juu ya maji wanasoma, hawazami wala hawashangai. Mimi nilikuwa mbele yao ninasema, na kila nililosema walikuwa wanalijua nusu. Nilipozinduka yule mama alikuwa keshaondoka, na mimi nilijua ninachokitaka. Nataka kozi yetu wenyewe, ifanyike huku huku, na ipitishwe.

Wewe ndiye karani wa kamati inayopitisha hizo kozi. Sikuombi unipitishie. Niambie tu mlango uko upande gani.

Ni mimi wifi yako,
Zaitun


Ilala, Dar es Salaam
3 Desemba 1994

Wifi yangu wa kuota mchana,

Waalaykum salaam. Nimeisoma barua yako nimeketi, usinisingizie. Badru hajambo, mwili unaongezeka. Siku hizi dukani kuna siagi ya kopo ya kila rangi, na yeye ameamua kuzijaribu zote. Sabra wetu ameanza shule na anamsahihisha baba yake Kiswahili.

Sasa kazi. Kamati haiangalii ndoto. Inataka ijue kozi inamfundisha nani, nini, kwa saa ngapi. Inataka mkufunzi mwenye cheti cha chuo, na hicho unacho. Inataka kila mwanafunzi apimwe mwishoni ionekane ameelewa kitu. Halafu inamtuma mkaguzi akae na nyinyi siku mbili, aone kwa macho yake. Mkishapitishwa, hata saa mlizosoma kabla ya hapo, mbele ya mkaguzi na peke yenu, zinahesabiwa.

Usiniandikie somo linaloitwa "umuhimu wa lishe bora". Hilo kamati imelisikia hadi limechuja. Andika kitu ambacho mtumishi hakijui Jumatatu na atakijua Ijumaa. Hayo makopo anayoyala kaka yako, kwa mfano, huko hayajafika? Basi kama yamefika ndiyo somo.

Nitakusaidia kuandika, wifi, lakini kupita utapita mwenyewe. Nikionekana nalisukuma jalada lako wataling'oa pamoja na mkono wangu. Nalisema mapema ili usije ukaninunia, maana kwa kununa nyinyi ukoo mzima ni mabingwa, nimeolewa humo najua.

Fanya haraka. Juni si mbali.

Wifi yako akupendaye,
Mwanabaraka


Dunguni, bonde la Mtunda
9 Machi 1995

Mpenzi wifi,

Salamu za baada ya Idi, na samahani kwa kukaa kimya. Mfungo ulinipata nikiandika maombi yale usiku wa daku na mchana nikisinzia, na sasa nimeyatuma. Dulla amepona kifua. Mimi niko salama, nimeungua jua tu.

Umeona nimeandika "dunguni". Tumeshahamia bondeni, wifi. Mpunga umeanza kuwa mrefu, na mpunga ukiachwa peke yake ni wa nguruwe na wa ndege. Kila familia ipo juu ya dungu lake, kibanda cha miti mirefu, na chini yetu maji yameanza kuingia polepole, hayapigi hodi. Asubuhi unasikia mtu anaimba kuwafukuza ndege, mwingine anampokea wimbo mbali huko, na humwoni hata mmoja. Kuna saa sijui kama nimeamka au bado.

Kijijini hamna mtu. Msaidizi wa lishe akibaki kituoni msimu huu atapima kuta. Akina mama wapo huku, watoto wapo huku, ugonjwa upo huku. Ndiyo maana kozi nimeiandika ifanyike dunguni. Dulla analipanua letu, ameongeza nguzo na sakafu ya mianzi. Anasema kama serikali inakuja kusimama juu yake, bora ihimili.

Masomo nimefuata ulivyosema. Mama wa hapa jirani alikuwa anampa mtoto wa miezi mitatu ule unga mweupe wa kutia kwenye chai, kwa sababu kopo lina picha ya ng'ombe. Si maziwa, wifi, ni mafuta na sukari. Katika sisi sita ni wawili tu tuliokuwa tunalijua hilo. Somo la pili ni mwenye sukari katika nchi ya wali. Sisi tumezoea kumwambia asile wali. Anaitikia, anakwenda nyumbani, anakula wali. Nataka tujifunze kumwambia neno analoweza kulitii.

Mkaguzi ni nani na atakuja lini?

Wifi yako,
Zaitun


Ilala
11 Aprili 1995

Wifi,

Salamu kwa ufupi, niko nyumbani na Sabra, ana surua, nimeomba likizo ya kumuuguza. Usiogope, homa inashuka.

Kabla sijaondoka ofisini walipanga. Anakuja Bwana Huseni, mwisho wa mwezi huu. Ni mtaalamu hasa, amesoma hadi ng'ambo, na hapitishi kitu kwa huruma. Ila ni mtu mwenye haya, huweza kukaa siku nzima hajasema neno. Ni Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo ni mtani wenu nyinyi Wandengereko. Msimpokee kama mnampokea polisi. Mtanieni kidogo achangamke, atawaona watu.

Wifi yako,
Mwanabaraka


Dunguni
29 Aprili 1995

Kwa wifi yangu,

Pole ya kuuguza. Sabra akianza kutamani kula mpe uji mwembamba kwanza, usimkimbizie wali. Sisi miili ni mizima, moyo ndio una shida. Nitakueleza lilivyokuwa na wewe uniambie tumefanya nini.

Alikuja Jumatano. Maji yalikuwa yamejaa hadi vidatoni mwa ngazi, na jua lilikuwa halijaamua kama litoke. Dulla alimfuata kwa mtumbwi. Nilimwona kwa mbali amekaa katikati, shati jeupe, mkoba magotini, na mpunga pande zote hadi macho yanapochoka. Nikajisemea, ile ndoto yangu inakuja, imevaa tai.

Akina mama walikuwa wameshaketi na watoto wao, na wenzangu watano wamekaa tayari. Mtumbwi ulipogota, Mshamu akashuka majini. Unamkumbuka Mshamu wa Ngarambe, yule mrefu, ambaye utani kwake ni kama sunna. Akaudaka mkoba wa mgeni akauinua juu ya kichwa.

"Weye Mnyamwezi! Babu yako alipita hapa na pembe za ndovu mabegani, akala mpunga wetu, akenda zake. Leo tumekunasa. Hupandi dungu hili mpaka ujikomboe!"

Watu wakacheka. Mgeni akawa anamtazama tu. Mshamu alipoona kimya akakoleza, maana mtani akinyamaza ndiyo anakuita uendelee.

"Na mama yako tunaye sie! Tumemweka rehani ghalani humo. Ukimtaka, lete jogoo!"

Vicheko vilipasuka hadi ndege wakaruka mpungani. Mimi nami nilicheka. Yule bwana akasema, taratibu kabisa:

"Kama mnaye, nipeni."

Tukazidi kucheka. Tulidhani ametujibu.

Akapanda. Akaketi pembeni ya jamvi, akasikiliza somo la makopo mwanzo hadi mwisho. Mwenzetu Mwamvua wa Muyuyu alieleza vizuri hadi nikaona fahari. Lakini mkaguzi hakuandika kitu. Kalamu ilikuwa mkononi, haikugusa karatasi. Alikuwa anatazama maji. Alasiri akamwambia Dulla amrudishe barabarani, na siku ya pili, tuliyompikia, hakuja.

Mshamu amekaa juu ya dungu lake tangu hapo, hata ndege hawafukuzi. Wenzetu hawamlaumu kwa mdomo. Wifi, nimeogopa. Miezi miwili imebaki, na hatuna kozi nyingine wala mkaguzi mwingine.

Zaitun


Ilala
14 Mei 1995

Wifi yangu Zaitun,

Salaam. Sabra amepona, alhamdulillah, amebaki na vidoa. Nimerudi ofisini Jumatatu na nimeyakuta mambo ambayo laiti ningeyajua ningekuandikia kwa damu.

Mama yake Bwana Huseni alifariki Tabora tarehe 16 Aprili. Bwana Huseni alipata simu, akapanda treni, treni ikalala njiani kwa ajili ya mvua. Alifika jioni ya pili, kaburi limeshafukiwa na watu wametawanyika. Hakumwona mama yake. Ofisini waliambiwa, lakini mimi nilikuwa nyumbani na mgonjwa. Wakamwambia apumzike, akakataa, akasema yuko Rufiji Jumatano na hajawahi kuvunja miadi. Alitoka kaburini akaja kwenu.

Na mimi ndiye niliyewaambia mmtanie. Hilo nimelibeba, wifi, na sina pa kulitua.

Taarifa yenu hajaileta. Mwenyekiti alipomuuliza alisema, "Sikuona kozi. Sikuwa na macho siku ile." Hajasema mbaya, hajasema nzuri. Jalada limekaa mezani kwangu na kila asubuhi ninalifuta vumbi.

Arobaini itasomwa hapa Magomeni, nyumbani kwake, Ijumaa tarehe 26. Sikwambii mfanye nini. Lakini wewe ni mtu wa pwani, unajua mtani aliyekosa msiba anapaswa kufanya nini.

Mwanabaraka


Dunguni
24 Mei 1995

Wifi,

Anayekupa barua hii ndiye Mshamu. Amepanda lori la mkaa, kwa hiyo mpe maji ya kuoga kwanza, kisha chai. Tumemwambia aende akatulipie. Mimi nimebaki kumalizia masomo, mpunga nao unaiva, mikono haitoshi.

Umwonyeshe nyumba. Mengine anayajua.

Zaitun


Ilala
29 Mei 1995

Wifi mpenzi,

Salaam nyingi, na Mshamu wako nimemrudisha mzima. Amekula sahani tatu kwangu na bado akamwambia Badru kwamba mjini hamna chakula.

Nilikwenda naye. Wanaume walikuwa barazani, hitima imekwisha, masinia ya pilau yanatolewa ndani. Watu wapole, wasomi, kila mtu anaongea chini chini. Mshamu akavua viatu, akapita katikati yao hadi kwa Bwana Huseni, akapiga magoti. Akasema, "Tulikwambia mama tunaye. Tulikosea. Anaye Mola wake. Tulikuwa hatujui, na mtani asiyejua msiba wa mtani wake ni mtani gani? Tumekuja kulipa."

Bwana Huseni akatikisa kichwa. Nikadhani mambo yameishia hapo.

Basi Mshamu akainuka, akaenda akajilaza kifudifudi mlangoni, urefu wake wote, masinia yakashindwa kupita. "Hakuna anayekula! Bibi huyu alikuwa mke wetu sisi Wandengereko. Hamkutuita kuchimba, hamkutuita kuosha, leo mnakula pilau! Hausogei mguu wangu mpaka huyu Mnyamwezi akiri mbele ya watu kuwa mchele wa Tabora ni chakula cha kuku!"

Wazee wa Magomeni wakashtuka. Halafu mmoja akacheka puani. Nikamtazama Bwana Huseni. Mabega yalikuwa yanatikisika, na nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha kweli akalia. Alilia kwa sauti, wifi, mtu mzima yule, na kila akijaribu kunyamaza anamwona Mshamu mlangoni, anaanza kucheka tena. Mkewe aliniambia jikoni kwamba tangu Tabora hakuwahi kutoa chozi.

Akamtupia Mshamu shilingi na kanga ya marehemu, haki ya mtani msibani, akamwambia, "Haya, nimekiri. Toka." Na alipokuwa anamsindikiza akamuuliza, "Mmebakisha masomo gani?"

Jumatatu hii asubuhi ameomba gari.

Wifi yako,
Mwanabaraka


Dunguni
12 Juni 1995

Wifi yangu,

Assalaam alaykum, na leo ninakusalimu nikitabasamu peke yangu. Maji yameshuka, tope limebaki na harufu yake tamu, na tunavuna. Dulla amekonda kwa kazi lakini anapiga mluzi.

Bwana Huseni amekaa nasi siku mbili kamili. Nani alikwambia kwamba ni mtu wa haya? Alimwambia Mshamu, "Utani ni utani na kozi ni kozi. Ukinichekesha saa za somo nakukata alama." Akafungua karatasi zake akaandika, akaandika, hadi Mwamvua akaanza kuchungulia.

Somo la mwenye sukari alilikataa. Nililifundisha mwenyewe, na akalikataa mbele ya watu. Alisema nimewaeleza wagonjwa wale wali kidogo, na kidogo ni neno la mtu asiyetaka kukosana na mgonjwa. Akatutaka tuchukue bakuli za watu wenyewe, tupakue, tupime, hadi kila mmoja wetu ajue kwa jicho bakuli la kila nyumba linabeba nini. Tulifanya hivyo mchana mzima. Nilikasirika kidogo, kisha nikaona ana haki, na somo hilo sasa ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Jioni alikaa ukingoni mwa dungu, miguu inaning'inia, wasichana wanawaimbia ndege. Akaniuliza kama hapa mtu huwa anajua siku ni ipi. Nikamwambia tunajua kwa mpunga. Akasema mama yake angepapenda. 

Sasa tunasubiri. Nimelala vizuri usiku huu mara ya kwanza tangu Novemba.

Zaitun


Ilala
23 Juni 1995

Kwa wifi yangu Zaitun,

Salaam. Keti tafadhali, leo zamu yako.

Kozi imepita. Kamati nzima imekubali, na Bwana Huseni aliisemea kwa maneno ambayo sijawahi kumsikia akiyatumia. Mkuu wenu alikataa kuweka jina la idara kwenye maombi, asije akadaiwa posho, kwa hiyo imeandikwa kwa jina lako: mwenye kozi na mkufunzi ni Zaitun. Mshamu, Mwamvua na wenzao watatu, wote watano saa zao zimehesabiwa. Nimepeleka vyeti vyao wilayani mwenyewe kwa basi la jana, ili visije vikachelewa.

Chako hakimo, wifi.

Kuna kifungu mwishoni kabisa mwa kanuni kinachosema mkufunzi hahesabiwi saa za kozi anayoifundisha. Aliyefundisha hakuhudhuria. Mimi karani wa miaka yote hii nilikuwa ninakijua na sikukikumbuka, kwa sababu wakufunzi wetu huwa ni madaktari na wakubwa wa vyuo, hakuna aliyewahi kuzihitaji hizo saa. Bwana Huseni alisimama akawaomba wakufikirie. Walisema kanuni wakiivunja kwa mmoja wataivunja kwa wote. Nilikuwa ninaandika mwenendo wa kikao, nikaliandika hilo kwa mkono wangu, na wino ukaniharibikia.

Nimemwandikia mkuu wenu. Bado kuna wiki moja. Labda atakutetea.

Nisamehe. Niandikie hata matusi, lakini niandikie.

Mwanabaraka


Ilala
20 Agosti 1995

Wifi,

Hii ni barua yangu ya tatu tangu Juni. Badru anasema umenuna. Mimi nasema hapana, anayenuna kwenu ni yeye. Maulidi yamepita bila salamu yako na nyumba haikuchangamka. Abiria mmoja wa Kibiti ameniambia majina ya waliopumzishwa yalibandikwa na lako lilikuwamo. Niambie kama ni kweli. Niambie unakula.

Wifi yako,
Mwanabaraka


Mtunda
22 Oktoba 1995

Mpenzi wifi yangu Mwanabaraka,

Assalaam alaykum wewe na kaka na Sabra. Ninakula. Sikununa. Nilikuwa ninaamka, ninavaa sare, ninafika hadi kwenye mwembe wa njia panda ndipo ninakumbuka. Nilirudi nyumbani hivyo siku nyingi, na kila niliposhika kalamu nikuandikie nilijiona kama ninaandika habari za mtu mwingine. Ni kweli jina lilibandikwa. Mkuu hakunitetea. Alisema mambo ni ya juu.

Sikukulaumu hata siku moja. Nililia, hilo sikufichi. Nililia kwa sababu kazi ile nilikuwa ninaipenda, basi.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita umekuja waraka mwingine, kwamba zile saa si za mara moja, ni za kila mwaka, na safari hii hata wakuu wa idara zimo shingoni mwao. Kozi iliyoidhinishwa upande wetu huu ni moja tu. Basi mkuu wangu wa zamani alikuja hapa kwangu, kwa miguu, akakuta ninapepeta mchele. Alisimama uani muda mrefu akisifu mchele. Mwishowe akasema, "Mama Mkufunzi, idara inaomba nafasi." Hajawahi kuniita mama wala mkufunzi. Nikamwambia nafasi ipo na aje na jamvi lake.

Tumeanza jana, chini ya paa la ghala, maana bonde ni kavu. Wamekuja watu kumi na wanne, wengine siwajui. Mshamu amekuja, Mwamvua amekuja, mkuu naye ameketi jamvini amekunja miguu. Nikaanza kuita majina. Kila mmoja akaitikia "nipo". Nilipofika kwa jina la mkuu akaitika kama wengine, na hapo nikasita. Si kwa hasira, wifi. Niliona watumishi wote wa lishe wa huku wamekaa mbele yangu, wote wana kazi, na mimi peke yangu ndiye nisiye na jina la kuitwa. Nikainama nikajifanya ninatafuta chaki.

Mshamu akasimama. Nikadhani ataleta utani wake, nikamwombea Mungu asilete.

"Umemruka mmoja," akasema. Akaita, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Zaitun!"

 Mkuu alikuwa anatazama jamvi.

"Nipo," nikaitika.

Ndipo tukaanza somo.

Wifi yako,
Zaitun